Mkopo, ufadhili au kuuza injini ya boti

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma, kulipoa, vichanja vya kuanikia dagaa vikabaki vitupu. Jioni moja katika miezi hiyo, mvuvi ninayemfahamu siku nyingi alipiga hodi kwangu Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma mjini, akakaa barazani, hata chai akakataa. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na wakati ule alikuwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Msange, kule Tabora. Mtu wa kununua injini ya boti yake alikwishapatikana.

"Mwalimu," akasema, "niuze nisiuze? Mtaani wanasema mkopo wa serikali ni wa wenye watu wao, na ufadhili ni wa watoto wa mjini. Mimi mtu sina. Injini ninayo."

Swali lake naletewa kila mwaka, na wazazi wa Ujiji, wa Kasulu, na ndugu zangu wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua. Kinachobadilika ni kitu cha kuuzwa tu: ng'ombe, shamba la michikichi, kiwanja. Mzee yule nilimwomba asubiri wiki mbili, tukaweka njia zote mezani tukazipima. Nazipima tena hapa, kwa sababu wengi huchagua kwa kuangalia wapi pesa ni nyingi. Mimi naanza na jambo lingine: kila njia inataka nini kutoka nyumbani kwako, na inakitaka lini.

Mkopo wa Bodi: unapimwa kwa uhitaji, na uhitaji ni karatasi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na ndiyo mlango mpana kuliko yote. Mkopo wake una vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Uzuri wa mkopo ni kwamba hautaki mtoto awe wa kwanza darasani. Akishapata udahili wa chuo, kinachotazamwa zaidi ni hali ya nyumbani: yatima au aliyefiwa na mzazi mmoja, mwenye ulemavu au mwenye mzazi mwenye ulemavu, mtoto wa kaya iliyo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ugumu wake umejificha humo humo. Mfumo wa maombi hauoni nyumba yako ya tope, unaona vyeti ulivyopakia. Kijiji kizima kinaweza kujua kwamba mama wa mtoto huyu amekufa, lakini bila cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwenye fomu mama huyo yuko hai.

Hapo ndipo mzee wangu alipokuwa amekwama bila kujua. Mama wa binti alifia kijijini Buhigwe miaka kumi nyuma, akazikwa siku ya pili, na kilichobaki ni kibali cha mazishi kilichokunjwa mara nne ndani ya kopo la maziwa, pamoja na kadi ya kliniki. Wino umefifia, jina la marehemu linasomeka kwa shida. Karatasi ile kuukuu ilikuwa na thamani kubwa kuliko injini, ila ilikuwa haijageuzwa kuwa cheti. Tulianzia kwa mtendaji wa kijiji, tukapanda ofisi ya mkuu wa wilaya kwa usajili wa kifo uliochelewa, kisha uhakiki wa RITA. Siku nyingi zilitumika, na nauli ya Buhigwe haikuwa ndogo kwa mtu ambaye ziwa lake limefungwa.

Ndiyo maana nawaambia wazazi: dirisha la mkopo kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti, lakini kazi ya vyeti ianze Januari. Miezi ya dirisha mtoto yuko kambini, iwe Msange, Bulombora au Mtabila, na matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai akiwa bado huko. Anayetembea na bahasha ni mzazi, au kaka, au mjomba. Kama mzazi alifia ng'ambo, Burundi au Kongo, jambo ambalo kwetu Kigoma si la ajabu, kuna barua ya RITA ya kuombwa, nayo ianze kufuatiliwa mapema zaidi.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Fomu ikishajazwa kwenye mtandao inachapishwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili, halafu kurasa zilizosainiwa zinarudishwa kwenye mfumo. Wengi hukwama hatua hii ya mwisho: wamelipa, wamejaza, wamesaini, wakasahau kupakia.

Na kuna namba ya mtihani wa kidato cha nne. Binti mmoja wa Kasulu, aliyerudia mtihani ule, alijaziwa fomu kwenye stationeri moja ya mjini. Aliyekuwa kwenye kompyuta akaweka namba ya mtihani wa kwanza kwenye mkopo, na ya mtihani wa kurudia kwenye udahili wa chuo. Mfumo ukaona watu wawili. Alinijia Oktoba analia, jina lake halimo kwenye orodha yoyote, na nywila ya akaunti yake haijui kwa sababu aliiweka mwenye stationeri. Stationeri tutumie, wengi hatuna kompyuta nyumbani. Lakini mtoto au mzazi akae kando ya kiti kile, asome kila herufi kabla ya kutuma, na aondoke na nywila yake imeandikwa kwenye daftari.

Samia Scholarship: ufaulu ndio unaosema

Ufadhili huu wa serikali ulianza mwaka wa masomo 2022/23 kwa shilingi bilioni 3 na wanafunzi 640. Ni kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa kidato cha sita katika michepuo ya sayansi, na wakaenda kusoma sayansi, uhandisi, hisabati au tiba. Unalipa ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti na hata bima ya afya. Haurudishwi.

Ukiuweka kando ya mkopo, tofauti si ile ya kurudisha na kutorudisha peke yake. Mkopo unamuuliza mtoto, "Kwenu kukoje?" Ufadhili huu unamuuliza, "Umepata ngapi?" Mtoto wa tajiri na wa maskini wanasimama mstari mmoja. Majina ya wenye sifa hutangazwa na Wizara ya Elimu, kisha wahusika huthibitisha kupitia mfumo wa Bodi. Pia mwanafunzi anatakiwa aendelee kufaulu vizuri chuoni, la sivyo ufadhili unamponyoka.

Ninachokiogopa ni kijana mwenye daraja la kwanza zuri anayekaa kitako kuusubiri. Hapa Kigoma nimeona waliojiamini hivyo, Agosti ikaisha hawajaomba mkopo, na jina halikutoka. Kwa mwanafunzi wa sayansi mwenye ufaulu mkubwa ushauri wangu hauna pande mbili: omba mkopo kama vile Samia Scholarship haipo. Jina likitoka, unaacha mkopo unachukua ufadhili. Shilingi 30,000 ya maombi ndiyo bima yako.

Benki na taasisi za hapa nchini nazo zina fungu. NMB, kupitia taasisi yake ya hisani, ilianzisha Nuru Yangu mwaka 2022 kwa vijana wenye ufaulu mkubwa wanaotoka familia za kipato kidogo, na pamoja na fedha kuna ulezi wa kitaaluma. Hizi zinauliza maswali yote mawili, la ufaulu na la hali ya nyumbani, na nafasi zake ni chache sana ukilinganisha na mkopo. Omba, lakini usijenge bajeti ya familia juu yake.

Kuna riba au hakuna?

Swali hili lina uzito wake Ujiji na Tabora mjini, na mzee wangu aliliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaona haya. Alikuwa amesikia mkopo una riba, na riba kwake ni mlango asiotaka kuufungua.

Nilimweleza ilivyo. Zamani deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na aliyechelewa kuanza kulipa alitozwa adhabu ya asilimia 10. Yote mawili yalifutwa mwaka 2021. Kilichobaki ni asilimia 1 ya gharama za uendeshaji. Kama moyo bado una shaka, nikamwambia, nenda kwa sheikh wako ukiwa na maelezo haya ya sasa, usiende na ya mwaka 2016. Alikwenda. Alichojibiwa ni chao wawili, mimi niliona tu kwamba alirudi na kuendelea na fomu.

Deni lenyewe tulilipiga hesabu kwenye karatasi. Tuseme shahada ya miaka mitatu chuo cha umma, ada shilingi 1,300,000 kwa mwaka, na bumu ya siku 240 kwa mwaka. Ada miaka mitatu ni 3,900,000. Bumu ni 7,200,000. Ongeza vitabu na mafunzo kwa vitendo, tuseme deni limefika milioni 12. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000 kwa mwezi, naye atamaliza kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Si mzigo mdogo. Ni miaka minane ambayo kijana anajenga, anaoa au anaolewa, anasomesha wadogo zake, na fungu hilo linaondoka kabla hajaligusa. Na asiye na ajira rasmi naye anadaiwa, hakuna kusema sijaajiriwa basi limeisha.

Sasa weka kando yake injini. Ukiiuza, unalipa mwaka wa kwanza na pengine nusu ya wa pili, na kuanzia hapo hakuna dagaa, hakuna ada ya mwaka wa tatu, na wadogo zake wanne hawana kitu. Deni la Bodi analilipa mwenye shahada baada ya kuanza kupata. Kuuza injini ni kulipa leo kwa mkono unaolisha nyumba nzima. Mimi sioni mizani ikisimama sawa hapo.

Kwa mkulima wa tumbaku hesabu inageuka kidogo. Masoko yakimalizika, fedha ya msimu inaweza kuwa mkononi kabla vyuo havijafunguliwa Oktoba au Novemba, na wenye SACCOS nzuri, yaani ushirika wa akiba na mikopo, hukopa ada na kurudisha msimu unaofuata. Njia hii inafaa kuziba pengo, si kubeba chuo kizima. Malipo ya tumbaku yanaweza kuchelewa, makato ya pembejeo yanatangulia, riba ya SACCOS ipo, na mvua haina mkataba na mtu. Pia fedha za halmashauri za asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni za miradi ya vikundi. Usimdanganye mtendaji kwamba ni kikundi cha kufuga kuku kumbe ni ada.

Ufadhili wa nje: lango lenye pasipoti

Vijana wengi hupenda kuanzia hapa, kwa sababu ya picha za theluji na mabweni. Nafasi ni za kweli. Wizara ya Elimu hutangaza za nchi kama China na Algeria, na Mastercard Foundation ina wanafunzi wake katika vyuo kadhaa, Makerere ikiwamo, ambako kwa mtu wa Kigoma si mbali kama inavyosikika.

Tuchukue China ili tuone kwa karibu. Ufadhili kamili wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza unalipa ada, malazi, bima, na posho ya yuani 2,500 kwa mwezi. Mwombaji anatakiwa awe chini ya miaka 25. Kozi nyingi za shahada ya kwanza zinafundishwa kwa Kichina, hivyo kunatangulia mwaka mmoja wa lugha: shahada ya miaka minne inakuwa mitano. Kwa upande wa fedha hakuna deni, na hapo unaushinda mkopo. Kwa upande wa muda unashindwa, maana mwenzako aliyekwenda Dodoma kwa mkopo anamaliza ukiwa bado una mwaka mmoja na zaidi.

Halafu kuna maandalizi. Pasipoti ni shilingi 150,000, na mikoa ya mpakani kama yetu maswali ya uraia ni mengi kuliko Singida au Iringa. Kijana wa Kibondo au Manyovu ajiandae na vyeti vya wazazi, ikiwezekana na taarifa za babu na bibi, na aanze akiwa kidato cha tano. Kuna vipimo vya afya, kuna tafsiri na uthibitisho wa nyaraka, na kwa anayekwenda kusoma shahada nje kuna cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Nauli ya ndege nayo isomwe kwa makini kwenye kila tangazo. Neno "ufadhili" halina maana kila kitu kimelipwa, na familia ikigundua Agosti kwamba tiketi ni juu yao, ile injini inarudi mezani.

Dada mmoja niliyemfundisha zamani, aliyekwenda kusoma huko mashariki, aliniambia kwenye simu kitu ambacho hakimo kwenye tangazo lolote: "Mwalimu, mwaka wa kwanza nilifiwa na bibi, sikuweza kuja." Mtoto ajue hilo anapochagua, na wazazi pia.

Matapeli wako wengi zaidi kwenye njia hii. Akitokea mtu anayeomba "hela ya kushughulikia" kwa namba ya simu binafsi ili jina lako liingizwe, mkatie simu. Ada halali ya serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo inayotoka kwenye mfumo.

Stashahada, na kusoma jirani

Tangu mwaka 2023/24 Bodi inatoa mikopo pia kwa ngazi ya stashahada, kwa fani za kipaumbele kama afya, ualimu na ufundi, uchukuzi, nishati na madini, kilimo na mifugo. Mzazi wa mtoto wa kidato cha nne au cha sita mwenye alama za wastani alitazame hili kwa jicho zuri. Stashahada ya afya ina deni dogo kuliko shahada, na baadaye mtu hujiendeleza akiwa kazini. Ukihofia pengo la ada, nafuu nyingine ni kulala nyumbani: Tabora kuna chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA na Chuo cha Utumishi wa Umma, Kigoma kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, na Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoa yote miwili. Fedha ya chumba cha kupanga Dar es Salaam peke yake inaweza kulipa sehemu ya ada.

Ila usimlazimishe mtoto wa PCB mwenye alama za udaktari asome uhasibu kwa sababu chuo kiko karibu na soko. Nimeona wazazi wakifanya hivyo kwa mapenzi, na mtoto akaacha mwaka wa pili.

Orodha ikitoka

Mkopo hupangwa kwa awamu, na kwa wengi haupangwi kwa ukamilifu. Unaweza kukuta bumu yote ipo na ada imelipwa sehemu tu. Kukosa awamu ya kwanza si kukosa mkopo, subiri ya pili na ya tatu, kisha kuna dirisha la rufaa. Rufaa inataka ushahidi mpya au uliosahaulika. Barua ya kulalamika tu haimsogezi mtu. Na kwa wenye ada kubwa, hasa vyuo binafsi vya tiba, pengo lijulikane kabla ya kuthibitisha chuo. Huko mkopo hauwezi kukubeba peke yake, wakati ada za kozi nyingi katika vyuo vya umma huzunguka kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Kati ya kozi ile ile chuo cha umma mbali na chuo binafsi jirani, kwa mtoto anayetegemea mkopo ningechagua cha umma hata kama ni siku nzima na usiku kwenye treni.

Binti wa Kibirizi hakuwemo awamu ya kwanza. Baba yake alinipigia mara tatu siku ile. Awamu ya pili jina lilitoka, bumu kamili, ada sehemu. Ziwa lilikuwa limefunguliwa, dagaa wameanza kupatikana, na pengo la ada alilijaza kwa mauzo ya miezi miwili, siku za mwezi giza ambapo dagaa huvuliwa kwa taa.

Mwaka huu amekuja tena barazani, safari hii kwa ajili ya kijana wake wa pili anayetaka stashahada ya maabara. Chai alikunywa. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama, vyote vimehakikiwa, na daftari dogo lenye nywila. Ilikuwa Februari.